Mlango wa Sita

Bunia nzima inanijua. Shuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, pale soko kuu, uliza mwenye depo ya mbao iliyo kubwa kuliko zote upande wa barabara ya Marabo, hata mama anayetwanga sombe, majani ya mihogo, atakuonyesha kwa kidevu bila kuacha mchi. Sikusoma. Niliacha shule darasa la nne, na mwalimu wangu alisema mbele ya wenzangu kwamba nitachunga mbuzi za watu mpaka uzee. Leo paa la nyumba yake limelala juu ya mbao zangu. Nilimpelekea mimi mwenyewe, na sikumkumbusha kitu. Nilisimama tu uani nikamwangalia akizigusa.

Nilianza na kinga, baiskeli ya chuma isiyo na breki, nikipandisha samaki wa kukauka kutoka Tchomia. Mlima ule wa kutoka ziwani ndiyo shule yangu. Wenye digrii hawaujui. Unasukuma, jasho linaingia machoni, samaki ananuka mgongoni, na ukiachia kidogo mzigo unakurudisha chini pamoja nao. Kutoka samaki nikaingia mbao. Nililala chini ya malori pale Niania nikingojea mvua ikatike na barabara ikauke, nikajua mbao ya libuyu kwa harufu, na lifaki kwa sauti inapopigwa kofi. Nilipofika miaka arobaini nilikuwa na depo yangu, nyumba yangu, na tumbo langu. Lakini mfanyabiashara mwenye mbao tu bado ni mtumwa wa lori. Nilitaka kitu kinachozaa nikiwa nimelala. Nilitaka milango.

Kwetu nyumba ya kupangisha tunaihesabu kwa milango. Mtu hasemi ana nyumba, anasema ana milango minne, milango mitano. Kila mlango ni chumba na sebule ndogo, na nyuma ya kila mlango iko familia. Na miaka hii familia hazikosekani. Sitawadanganya. Vita ya Djugu ndiyo iliyoleta wapangaji, locataires. Watu walishuka na magodoro kichwani, wenye ndugu wakaingia kwa ndugu, wasio na mtu wakaenda kambini, na wale wenye kidogo walizunguka kartie kwa kartie, mtaa kwa mtaa, wakiuliza, «Hapa haiko mulango?» Kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga. Nilisema, na mimi nijenge. Kama si mimi, mwingine.

Peke yangu ningeweza, lakini ningechelewa. Nikatafuta wenzangu. Wa kwanza alikuwa mama wa mabati. Ni mama aliyekuja kutoka upande wa Butembo na watoto wake baada ya mume wake kufa huko, akafungua duka la mabati, misumari na simenti karibu na soko. Mama yule akikutazama unaanza kuhesabu tena ulichomletea. Wa pili alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kujenga. Mtu wa maneno machache, mikono kama mwiko.

Tulikaa dukani kwa mama, kwenye mifuko ya simenti, tukakubaliana. Mimi naleta kiwanja na mbao. Mama analeta mabati na simenti. Shemeji analeta mikono yake na ya watu wake. Kila mmoja milango miwili.

«Na tukipigana?» mama aliuliza.

«Mama, mimi sipigane na mutu,» nikamwambia. «Mimi nashindaka tu.»

Alicheka mpaka akashika kaunta. «Sikia huyu. Basi weka hii kichwani mwako, papa wa kushinda: hapana mmoja kugusa ukuta bila bale bawili bengine. Hata tofali moja. Tumepatana?»

«Tumepatana.»

Tulikunywa Fanta juu ya neno lile, kila mmoja chupa yake.

Kiwanja nilikipata mimi, si komisionere, yaani dalali. Makomisionere wa Bunia wanauza kiwanja kimoja kwa watu watatu halafu wanabadili namba za simu. Mimi nilienda kwa miguu. Nikafika kwa muzee mmoja wa Djugu, mkulima, aliyenunua kiwanja hicho zamani kwa mavuno ya maharagi ili watoto wake wasomee mjini. Ile vita ilipomtoa kijijini alihamia pale na mke wake na watoto katika nyumba ya miti. Nilipomkuta, kwao kulikuwa kumetulia. Watu walikuwa wanarudi wawili watatu kuangalia mashamba. Muzee alitaka kuuza ili aanze tena: mbegu, ng'ombe, paa.

Kiwanja kilikuwa chembamba na kirefu, kama mkono umelala. Mbele barabara, nyuma mti wa avoka. Chini ya avoka kulikuwa na kaburi.

«Ni nani?» niliuliza.

«Mama ya batoto,» akasema muzee. «Alikufa wakati barabara ilikuwa imefungwa. Nilimuweka hapa apumuzike kwanza.»

Alisema vile, apumzike kwanza, kama mtu anayemngojea mwenziwe amalize chai. Kaburi lilisakafiwa simenti vizuri, na pembeni wamepanda maua mekundu. Kwa watu wake, mwanamke aliyezaa analala kwenye uwanja wa nyumba yake, pale alipopikia na kuanikia mihogo. Kumzika mjini ilikuwa ni kumhifadhi tu.

«Mimi sina shida na kaburi,» nikamwambia. «Mimi nimelala porini kwa Niania, muzee. Vitu vya kuniogopesha vilikwisha.»

«Sikuulize kama unaogopa,» akajibu. «Nakuuliza njia. Nitarudi kumuchukua. Tukisha kujenga kule, tutakuja na batoto tumubebe kwake. Utaniachia njia?»

«Njia itabaki.»

«Sema mbele ya shefu.»

Nikasema mbele ya shefu wa kartie, na mbele ya mama wa mabati na shemeji, na mbele ya watoto wake wawili wa kiume waliosimama na kofia mikononi. Njia itabaki. Muzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mwezi uleule akafunga vitu, akarudi Djugu.

Tulijenga haraka. Nasema haraka, lakini si ovyo. Njoo uangalie kuta zile leo, hakuna ufa. Milango mitano ilijipanga mstari upande wa kushoto, kutoka barabarani mpaka karibu na avoka, na upande wa kulia tukabaki na ua mrefu unaogusa ukuta wa jirani. Katika kugawana, mama alichukua milango miwili ya barabarani, kwa sababu alitaka wapangaji wenye vibanda. Shemeji akachukua ya katikati. Mimi nikasema nipeni ya nyuma. Mlango wa tano wangu, na wa sita wangu.

Lakini wa sita ulikuwa haujapata mahali. Siku hiyo tulisimama sisi watatu mwisho wa ua, mbele ya kaburi, na upepo ulikuwa unaangusha avoka changa. Mlango wa sita ungeweza kukaa mahali pamoja tu: kukingama mwisho wa ua, uso wake ukiangalia barabara, mgongo wake ukiangalia kaburi. Pembeni kungebaki kolidori ya kwenda nyuma, ikipinda kwenye choo.

Na wakati ule kwa muzee kulikuwa kumeharibika tena. Tulisikia kijiji chake kimechomwa. Kwanza walisema muzee amekufa, halafu wakasema hapana, ameonekana kambini, ukingoni mwa mji. Tulipokuwa tumesimama pale, barabara ya Djugu tulikuwa hatuisemi hata kwa jina. Tulikuwa tunasema «kule».

«Kolidori itatosha?» mama aliuliza.

Shemeji akachukua brueti, toroli lake la mchanga, akaipitisha katikati ya kamba mbili alizokuwa amevuta. Brueti ilipita. Akaipindisha kwenye kona ya choo, ikapinda.

«Inapita,» alisema.

«Inapita,» na mama akasema.

«Basi iko njia,» nikasema mimi.

Hakuna kati yetu aliyetaja jeneza. Watu watatu wazima, wote tumezika. Mama amezika mume. Nimefikiri sana juu ya siku ile, na nasema hivi: si kwamba tulisahau. Mtu hasahau kitu kilicho mbele ya miguu yake. Ni kwamba hakuna aliyeamini kwamba siku ya kumbeba itafika. Tulikuwa tunajenga nyumba nzuri ya watu wasiorudi kwao, na kwa nyumba ya namna hiyo njia ya brueti inatosha.

Wapangaji waliingia kabla rangi haijakauka. Mlango wa kwanza fundi cherehani, wa pili mama wa unga, wengine walimu, wengine wadeplase, watu waliokimbia vita, waliokuwa na ng'ombe wa kuuza. Nilitembea ule ua asubuhi nikisikia masufuria, redio, watoto wakilia, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Mlango wa sita tu ndio uliosumbua. Dirisha lake lilifungukia kaburi. Aliingia mwuguzi, msichana wa kanisa sana, akasema yeye anaombea wafu na wazima. Kabla ya garanti yake, kodi aliyolipa mbele, kwisha alihama. Akaingia kijana motari, mwendesha pikipiki, na mke wake, mke akaanza kulala kwa jirani. Shemeji akaliziba dirisha kwa tofali. Haikusaidia. Mtu akijua kitu kiko nyuma ya ukuta, ukuta ndio unaomwonyesha.

«Papa wa kushinda,» mama akaniambia, «mulango yako inalala njaa.»

«Italala, itaamuka.»

Na muzee alikuwa anakuja. Kila Jumapili baada ya ibada alitoka kambini kwa miguu, akapiga hodi barabarani kama mgeni, kwenye kiwanja kilichokuwa chake, akapita mbele ya milango yote akisalimu. Kwenye kolidori alivua kandambili na kupita kiupande. Alikaa kule nyuma, anang'oa majani, anasema maneno kwa lugha yao. Alipotoka alisalimu tena. Siku ya kwanza niliyomkuta, nilingoja alalamike juu ya njia. Hakulalamika. Aliweka kiganja kimoja kwenye ukuta wangu na kiganja kingine kwenye ukuta wa jirani, bila kunyoosha mikono sana, akanitazama.

«Umejenga nguvu, patron,» alisema.

Nilimjibu kwamba mimi sijui kujenga namna nyingine.

Mama alikuwa na wazo lake. Alimngojea muzee Jumapili moja, akamletea kiti, akamwambia kwa heshima, «Papa, siye tungelipa yote. Tumuhamishe mama kwa makaburi ya mji. Padri atakuja, chakula itakuwa. Pale atakuwa na benzake.»

Muzee akamshika mkono. «Mama, asante. Lakini mutu hapana kuhamishwa mara mbili. Nikimuamusha, ni kwenda nyumbani.»

«Na kama nyumbani haiko?»

«Basi alale kwanza.»

Hivyo tukakaa. Halafu, msimu wa kiangazi uliofuata, kule kukatulia.

Nilikuwa depo wakati watoto wake wawili walipokuja. Walikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na walikuwa wanacheka. Walikuwa wamevuna! Askari wamekaa kijijini, watu wamerudi, wao wamejenga nyumba na kumtengea mama yao mahali kwenye uwanja. Walikuwa wamekuja kuagiza jeneza.

«Kwa mbao gani?» niliuliza.

«Yoyote, patron. Ile tutaweza.»

«Yoyote? Mama wa watu, yoyote?» Nikawatolea libuyu, mbao nilizokuwa nimeziweka kwa kitanda changu mwenyewe. Bure. Ulizeni seremala, bado anazungumza habari yake. Nilimwambia, «Fanya kisanduku kidogo, ni mifupa tu,» na hapo mtoto mkubwa akaacha kucheka.

«Hapana, patron. Mama yetu aliingia pale kwa jeneza ya mutu mukubwa. Atatoka kwa jeneza ya mutu mukubwa. Alizaa siye saba. Kule banamungojea, bataona kisanduku ya mutoto?»

«Sawa,» nikasema. «Ya mutu mukubwa.»

Hata wakati huo, naapa, kolidori haikuniingia kichwani. Nilikuwa naangalia mbao.

Jeneza lilifika kiwanjani asubuhi, likibebwa mabegani, watu wa ukoo wakiimba polepole nyuma yake. Muzee alikuwa amevaa koti. Wapangaji walisimama milangoni, redio zimezimwa. Lilipita mlango wa kwanza, wa pili, likafika mwisho wa ua, likaingia kolidori. Likafika kwenye kona ya choo, likagoma.

Walilirudisha, wakaliinamisha. Likagoma. Walilisimamisha wima kama mtu, mtoto mkubwa akasema, «Hivi tupu itapita. Na mama akiwa ndani, tutamusimamisha kichwa chini?» Wimbo ulikuwa umekwisha wenyewe.

Jirani mmoja akapendekeza, «Muipitishe juu ya ukuta, kwangu.»

«Mama yetu hakukuwa mwizi,» akasema mtoto mdogo, «hatoke kwa kuruka ukuta.»

Muzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatazama chini, na mimi nilijua anasikiliza neno langu nililosema mbele ya shefu. Njia itabaki. Nimesema maneno mengi maishani, ya sokoni, ya kupandisha bei, ya kushusha, na hakuna lililowahi kunirudia likakaa mbele yangu kwenye ndoo.

Nikaangalia mlango wa sita. Ulikuwa mtupu. Ukivunja ukuta wake wa nyuma, jeneza litaingia mlango wa mbele, litapita chumbani moja kwa moja, litatokea kaburini. Na litarudi vilevile, bila kona.

Nikamtuma mtu kumwita mama wa mabati. Neno letu lilikuwa neno.

Alikuja na kitambaa cha dukani bado begani. Alisikiliza, akaingia chumbani, akatoka.

«Hapana,» alisema.

«Mama, mulango ni yangu.»

«Ukuta ni yetu. Na mabati ni yangu. Sikia, papa. Chumba yenye maiti imepita ndani yake, nani atalala tena? Weye utalala?»

«Nitalala.»

«Weye unalala popote, weye ulilalaka chini ya lori. Mimi nasema locataires. Batasema nyumba nzima ni njia ya wafu. Batatoka kwako, batatoka kwa shemeji, na mwisho batatoka kwangu. Mimi niko na batoto wa kusomesha.» Halafu akashusha sauti, akanishika kiwiko. «Mimi sikatae kwa ubaya. Mume wangu amelala kule Butembo, nani ataniletea? Nimekubali. Na huyu muzee akubali.»

Mtu asiseme mama yule alikuwa na roho mbaya. Alikuwa amesema kweli yote.

Tukamgeukia shemeji. Alikuwa amesimama kando ya choo, anapitisha kidole kwenye kona aliyoijenga mwenyewe.

«Shemeji,» nikamwambia, «uko wa tatu. Sema.»

«Nikisema vunja, mama atanichukia. Nikisema hapana, nitapita hapa namna gani?»

«Basi sema.»

Shemeji aliingia stoo ndogo, akatoka na nyundo na tindo, akazungukia nyuma. Pigo la kwanza lilitoa vumbi tu. La pili likatoa tofali. Mama alisimama kidogo, akajifunga kitambaa kichwani, akaondoka bila kuaga. Nilivua shati nikaenda kumsaidia shemeji. Nilivunja ukuta wangu kwa mikono yangu, na nilikuwa navunja haraka kuliko vijana wote pale. Walisema wenyewe.

Kabla ya saa sita shimo lilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Mwanga wa avoka ukaingia chumbani. Walilipitisha jeneza kwa majaribio, likapita kama maji. Watu wakapiga makofi. Muzee akainuka kwenye ndoo, akapita mwenyewe kwenye chumba, polepole, akatokea upande wa pili, akarudi, akasema, «Ni njia.» Wakaliweka jeneza chini katikati ya chumba, kwa sababu kufukua kulikuwa kwa kesho alfajiri, na lori la kupanda Djugu lilikuwa limekwisha kulipiwa. Nikanunua mikate na chai kwa watu wote.

Simu ya mtoto mkubwa ililia tukiwa bado tunakunywa chai. Alisikiliza. Akasema «wapi?» mara nyingi. Akatoka mpaka barabarani, tukamwona anazunguka mahali pamoja. Wakati huohuo motari mmoja aliyetoka upande ule alisimama mbele ya fundi cherehani, mtu wake wa nyuma bado ana woga usoni, akasema magari yote yamerudishwa. Kule kumeingiliwa tena. Nyumba mpya za upande wa mto zimechomwa.

Mtoto akarudi. «Muke yangu anasema amekimbia na batoto,» alimwambia baba yake. «Nyumba haiko. Papa, nyumba haiko.»

Tulingoja muzee alie. Aliuliza tu kama watoto wote wapo. Wapo. Akamwambia mtoto amshukuru Mungu. Halafu akatutazama sote, mikate mikononi.

«Hapana kumuamusha,» akasema. «Mufunike.»

Hakukuwa na kitu cha kufunika, kaburi lilikuwa halijaguswa. Lakini shemeji alielewa. Alichukua bashi, lile turubai la plastiki la kufunikia simenti, akaligongelea misumari juu ya shimo la ukuta wangu.

Yaliyofuata yalikuwa kama mama alivyosema, ila haraka zaidi. Maiti haikupita, lakini jeneza lilikuwa limekaa ndani likiwa wazi, na watu walisema hiyo ni mbaya zaidi, kwamba jeneza tupu linaangalia milango na kuchagua. Walimu walihama. Mlango wangu wa tano ukabaki na panya. Mama aliniita dukani, akanikalisha kwenye simenti ileile, akaniambia bila hasira kwamba ushirika umekwisha. Alijenga ukuta baada ya milango yake miwili, akaweka geti yake, na akatuachia upenyo pembeni wa kufika barabarani. Ule upenyo nilikwenda kuuangalia. Ulikuwa mpana. Jeneza lingepita hata likibebwa na watu wanene. Hakuniambia kitu juu yake, na mimi sikumwambia.

Shemeji alimwachia mke wangu milango yake ya katikati aiuze akipata mtu, akaenda kujengea watu Niania. Hajapata mtu. Sikukuu anapiga simu, anauliza kama bashi bado inashika.

Muzee anaishi mlango wa sita. Nilimtoa kambini mimi mwenyewe, na mtu asiniambie ni huruma, mimi sijui huruma, mimi nilihitaji mtu wa kuangalia ua. Analala upande wa ukuta, jeneza liko upande mwingine, limefunikwa kitenge, na juu ya kitenge anaweka sahani zake. Asubuhi anainua bashi, anatoka kwa lile shimo kwenda kufagia chini ya avoka. Baridi inaingia. Msimu wa mvua maji yanaingia. Anakohoa.

Watu wananicheka. Wanasema yule wa mbao, mwenye mdomo, anakosa matofali ya kuziba ukuta mmoja? Matofali ninayo. Yamepangwa uani, na simenti ninayo. Juzi nilimkuta amekaa mlangoni, koti mabegani, kifua kinapiga kelele kama kinga yangu ya zamani.

«Patron,» alisema, «funga ile ukuta. Baridi itaniua.»

«Na njia?»

«Njia gani? Batoto bako kambini. Kule kumekuwa majani.» Akageuza kichwa kuangalia kitenge na sahani. «Ile sanduku, nitaingia mimi. Utanilaza pale karibu na yeye. Halafu utafunga.»

«Muzee, libuyu ile sikukupatia weye. Nilimupatia mama.»

Alicheka, kikohozi kikamkata. Nilingoja kimwachie. Nilichukua tofali moja, nikaliweka kwenye ukingo wa chini wa shimo, kupima. Lilikaa vizuri. Nikaweka la pili. Yeye aliangalia mikono yangu. Wakati wa kuweka la tatu niliona kwamba nikifikisha ukuta pale unapofika kiuno, mtu hatoki tena kule nyuma ila kwa kolidori, kiupande, kandambili mkononi. Na mimi ndimi nitakuwa nimemwambia, kwa mikono, kile tulichokuwa tunajua sisi watatu siku ile ya brueti.

Niliyaondoa matofali, nikapangusa mikono.

«Nitaleta bashi mupya,» nikamwambia. «Nzito. Na blanketi.»

«Bashi tena,» alisema.

«Bashi tena, muzee.»

Nilileta mchana uleule, mbili, moja juu ya nyingine, nikazigongelea mwenyewe juu tu, ili chini ziinuke apite.